LED ya bluu ya perovskaiti inazingua? Anza na rangi, namba baadaye

Ilikuwa Aprili hapa Arusha, mvua inapiga kama imetumwa, na sisi tumeizunguka mashine ya kupimia kama watu wanaosubiri penati. Kifaa chetu cha bluu, ledi ya perovskaiti (fuwele zinazotengenezwa kwa wino wa kemikali na kutoa mwanga umeme ukipita), kimewashwa, volti hatujagusa, mwangaza unapanda wenyewe tu, dakika moja haijaisha kandela (kipimo cha mwangaza) zimekuwa mara mbili na dogo mmoja ashatoa simu anapiga picha. Fundi wetu wa maabara, mama mmoja mtulivu asiyependa makelele, akachungulia begani kwetu akauliza, "Wanangu, hiyo imeongezeka mwanga au imebadilika rangi?" Kimya. Tukafungua spektra, ile grafu ya mwanga kwa kila rangi, kilele kimetoka nanomita 470 kiko karibu na 490. Mwanga zaidi hatukupata hata kidogo, tulichopata ni ukijani.

Hesabu yake ni hii, na ukiishika itakuokoa siku nyingi. Kandela inahesabiwa kwa kufuata jicho la binadamu na jicho halina uwiano sawa kwa rangi zote. Kwenye 555 nanomita, pale kwenye kijani, jicho linapewa 1 kamili. Kwenye 470 linapewa kama 0.09 tu, kwenye 490 linapewa kama 0.21. Kwa hiyo kifaa kikitoa fotoni (chembe za mwanga) zilezile idadi ileile lakini rangi ikasogea nanomita 20, mita itakuambia mwangaza umepanda zaidi ya mara mbili na wewe utashangilia ugonjwa. Ndio maana kwenye bluu mi siku hizi sitaki kusikia namba yoyote ya mwangaza wala ya ufanisi (fotoni zinazotoka kwa kila elektroni 100 zinazoingia) kabla sijaonyeshwa spektra, na sio spektra moja, nataka ya mwanzo na ya baada ya dakika kadhaa, na kwenye volti tatu tofauti.

Kwa wanaoanza, kwa ufupi tu. Ledi za perovskaiti zinazofanya kazi kwenye joto la kawaida zilionyeshwa na watu wa Cambridge mwaka 2014, ufanisi ukiwa chini ya asilimia 1, halafu mwaka 2018 kijani na ile ya karibu na infraredi zikavuka asilimia 20. Bluu ikabaki nyuma inakokota mguu. Sio jambo geni, hata kwenye ledi za kawaida nyekundu ilikuwepo toka 1962 lakini bluu nzuri ya galiamu naitraidi ikaja miaka ya 1990, na waliohusika, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Nobeli 2014. Bluu ni ngumu kwa sababu inadai nishati kubwa, na kitu chenye pengo kubwa la nishati, yaani hatua kubwa ambayo elektroni inashuka ikitoa mwanga, kinakuwa na kasoro nyingi zaidi zinazouma, na ni vigumu zaidi kukilisha chaji. Ukichukua perovskaiti ya sizi, risasi na bromini, CsPbBr3, inatoa kijani kama 520. Kuifikisha kwenye bluu njia ni tatu: uchanganye klorini, au uikate iwe matabaka membamba kwa kutumia chumvi za ogani kama PEABr, au uifanye iwe punje ndogo sana, za nanomita 4 hivi kushuka chini. Kila njia ina ugonjwa wake, na ugonjwa unajionyesha kwenye rangi.

Kabla hujaanza kubadilisha resipe

Kosa kubwa ninaloliona, na mimi nimelifanya sana, ni mtu kifaa kimegoma anakimbilia kuongeza viungo kwenye wino, leo potasiamu, kesho ligandi mpya (molekuli za kuvalisha punje), keshokutwa krauni etha, mwisho ana vifaa 60 na hajui ni tabaka gani linamhujumu. Tengeneza sampuli nne kutoka wino uleule siku ileile. Ya kwanza perovskaiti juu ya kioo kitupu. Ya pili perovskaiti juu ya tabaka la matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazobeba chaji chanya), PEDOT:PSS au PVK au chochote unachotumia. Ya tatu weka na tabaka la elektroni juu, mfano TPBi, bila chuma. Ya nne kifaa kamili. Zimulike kwa taa ya UV na upime mwanga unaorudi, kama huna duara la kupimia (tufe linalokusanya mwanga wote) basi hata kwa spektromita moja na mkao uleule, ilimradi ulinganishe tu. Pale mwanga unapoanguka kwa kishindo ndipo mwizi alipo. Ikianguka toka kwenye kioo kitupu, tatizo ni wino au filamu. Ikianguka ya pili, ni tabaka la chini. Ya tatu, la juu. Zote tatu zikiwa safi na kifaa bado kibovu, hapo tunaongelea umeme, chaji haziingii sawa au zinavuja. Nusu siku ya kazi, na inaokoa mwezi.

Inaanza bluu halafu inageuka kijani

Huu ndio ugonjwa maarufu na ndio uliotuaibisha siku ile. Ukiwa umetumia mchanganyiko wa bromini na klorini, ayoni hizi hazijakaa kama mawe ukutani, zinatembea, na umeme ukipita zinajitenga, sehemu moja inakuwa na bromini nyingi na nyingine klorini nyingi. Sehemu yenye bromini nyingi ina pengo dogo, kwa hiyo chaji zote zinatelemkia huko kama maji ya mvua yanavyotafuta bondeni, na mwanga unatokea huko huko. Inatosha sehemu ndogo tu ya filamu kuharibika, kifaa kizima kitaonekana kimebadilika.

Kinachoruhusu ayoni kutembea ni nafasi tupu, hasa pale klorini ilipotakiwa kuwepo haipo. Ukifikiria daladala lililojaa hadi mlangoni, hakuna anayeweza kusogea, ila abiria wawili wakishuka basi watu wanaanza kuhama viti. Kwa hiyo dawa kubwa ni kujaza hizo nafasi, na hapo ndipo chumvi za ziada za halaidi (familia ya klorini na bromini), thaiosayaneti, au ayoni za potasiamu zinaposaidia, ila weka kidogo kidogo maana potasiamu ikizidi inajitenga yenyewe na kuacha chumvi juu ya filamu.

Jinsi ya kuhakikisha kuwa ni huu ugonjwa na sio mwingine: zima kifaa, kiache gizani muda, washa tena kwa volti ndogo. Kama rangi imerudi au imerudi nusu, ni ayoni zilizohama na zimerudi nyumbani. Kama haijarudi kabisa, inawezekana umeshapika filamu, joto limeifanya punje ziungane zikawa kubwa. Na jaribu kitu kingine, imulike sampuli ile kwa UV kali bila umeme. Ikibadilika rangi kwa mwanga peke yake hapo filamu yenyewe ni dhaifu, ikibadilika kwa umeme tu basi uwanja wa umeme na chaji zilizorundikana upande mmoja ndio zinasukuma, na hapo kusawazisha chaji kutakusaidia kuliko kuongeza kemikali.

Maoni yangu, na najua wapo watakaobisha: kama unataka bluu inayotulia, punguza klorini mpaka basi. Tumia bromini tupu na upate bluu kwa kukata matabaka au kwa punje ndogo. Klorini ni rahisi kuanza nayo, mtu anaongeza tu mpaka rangi ifike, lakini deni lake utalilipa kwenye uimara. Kundi la Toronto mwaka 2020 liliripoti asilimia 12.3 kwenye 479 nanomita kwa kwantamu doti, yaani hizo punje ndogo, zilizovalishwa ganda la ayoni, hiyo inaonyesha njia ya punje haiko nyuma.

Haikuwa bluu toka mwanzo, au ina vilele viwili vitatu

Hii watu wanaichanganya na ile ya juu. Tofauti ni kwamba hapa rangi ni mbovu hata kwenye volti ya chini kabisa na sekunde ya kwanza. Sasa hapa sababu ziko mbili kubwa na ya kwanza ni ya kijinga kweli kweli.

Kloraidi ya sizi haiyeyuki vizuri kwenye DMSO, kiyeyushi cha wino. Bromaidi yake nayo ni mbishi. Wewe umepima kwa mizani ya tarakimu nne, umeandika kwenye daftari uwiano mzuri kabisa, umekoroga masaa mawili, ukaona bado kuna ukungu ukasema si nitachuja tu, ukachuja. Ulichochuja ni klorini yako! Imebaki kwenye filta, na wino ulioingia kwenye kioo sio ulioandikwa kwenye daftari. Sisi tulikaa wiki nzima tunabishana kwa nini sampuli za mtu mmoja zinatoka 488 na za mwingine 474 kwa resipe ileile, kumbe mmoja anakoroga usiku kucha kwenye joto la 60 na mwenzie ana haraka ya kuwahi gari la Usa River. Kwa hiyo koroga usiku mzima na joto kidogo, angalia filta baada ya kuchuja, ikiwa na unga mweupe usiendelee. Na kama klorini unaihitaji, ni rahisi zaidi kuiingiza kwa chumvi ya ogani, mfano PEACl, kuliko kulazimisha chumvi ya sizi.

Sababu ya pili ni ya wale wa matabaka. Ukitumia chumvi za PEA hupati unene mmoja, unapata mchanganyiko: tabaka moja moja linatoa karibu 405 hadi 410, mawili kama 435, matatu kwenye miaka ya 460, halafu na manene yanayotoa kijani. Nishati inatoka kwa membamba kwenda manene, inatelemka, na manene hata yakiwa machache ndiyo yanatawala rangi. Kilele kikiwa kipana au kina bega upande wa kijani, una manene mengi mno. Ukiona kilele kidogo karibu na 405 kwenye ufyonzaji wa mwanga, una tabaka moja moja nyingi, na hizo sio rafiki, zinameza nishati bila kutoa mwanga wa maana na hazipitishi umeme vizuri. Watu hutumia chumvi mbili tofauti za ogani kwa pamoja, zinashindana wakati fuwele inakua na mgawanyo unakuwa mwembamba. Trifenilifosfini oksaidi kwenye kiyeyushi pinzani pia inasaidia kupunguza kasi na kuziba kasoro za risasi.

Hapo kwenye kiyeyushi pinzani, kile cha kudondoshea wakati kioo kinazunguka ili fuwele zitoke haraka, kuna jambo la huku kwetu ambalo hutalikuta kwenye resipe ya watu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Presha ya hewa ni pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, maji yenyewe yanachemka kwenye 95 hivi, na viyeyushi navyo vinakauka haraka kidogo. Resipe ikisema dondosha sekunde ya 30, kwako dirisha la muda linaweza kuwa limeshapita. Halafu Julai asubuhi maabara ina baridi ya kufa mtu, mchana imepata joto, dirisha linahama tena. Usiamini saa ya mtu mwingine. Chukua vioo vitano vya bei rahisi, dondosha kila kimoja kwa kupishana sekunde tatu, angalia kipi kimetoka kinang'aa bila ukungu, na uandike joto la chumba pembeni. Ukihamia Moshi, kule chini zaidi na joto zaidi, rudia zoezi lote.

Inang'aa vizuri kwenye kioo, ikipanda kwenye PEDOT inafifia

PEDOT:PSS ni tamu kwa kupitisha matundu lakini ni tindikali kali, inakula ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme juu ya kioo) taratibu na indiamu inapanda juu kuchafua perovskaiti, na pia uso wake unazima mwanga. Kwenye kijani unaweza ukavumilia, kwenye bluu huwezi. Jaribu aina yenye PSS nyingi zaidi, au weka PVK juu yake kama ukuta. PVK ina faida ya pili, ngazi yake ya nishati iko chini karibu na elektronivolti 5.8 (namba kubwa ndio chini zaidi), na perovskaiti za bluu ngazi zao za matundu zipo chini sana, huwa karibu na 6 au zaidi, wakati PEDOT yenyewe iko 5.0 hadi 5.2. Ni sawa na kumwambia mtu aruke ukuta bila ngazi, PVK inakuwa ngazi ya katikati.

Ila PVK inachukia DMSO. Utamwaga wino utaona unajikusanya kama maji juu ya jani la mgomba na filamu inatoka na vitobo. Tiba za kawaida: tabaka jembamba sana la polima ya PVP, au litiamu floraidi nyembamba juu ya PVK, au suuza uso kwa kiyeyushi cha DMF kidogo kabla ya kumwaga wino.

Na kabla ya hayo yote osha kioo vizuri. Jamani maji ya bomba ya huku kila mtu anajua yana floraidi na madini, meno ya wengi wetu ni ushahidi, sasa ukisuuza ITO kwa maji hayo yakikauka yanaacha doa. Sabuni, maji yaliyosafishwa ayoni, asetoni, aisopropanoli, kisha UV na ozoni robo saa. Usiruke hatua eti kioo kinaonekana kisafi.

Umeme unapita lakini taa hamna

Pima karenti kuanzia volti hasi 2 mpaka chanya 2, kabla ya kifaa kuwaka. Hapo inatakiwa iwe ndogo kabisa, mstari unaotambaa chini. Ikiwa imepanda na iko sawa pande zote mbili, hasi na chanya, una njia ya mkato, chuma cha juu kimegusa chini kupitia kitobo au kuna vumbi. Vumbi la kiangazi huku sio la mchezo, linaingia hata kwenye daftari lililofungwa. Angalia filamu kwenye hadubini, chuja wino kila mara, futa ukingo wa ITO. Mara nyingi vitobo vinatokana na kudondosha kiyeyushi pinzani kwa nguvu au kutoka juu sana.

Haiwaki mpaka uipe volti 5

Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi. Kwa 470 inakuja 2.64, ndiyo nishati ya fotoni moja kwa elektronivolti, kwa hiyo kifaa chenye afya kinaanza kuwaka karibu na volti 2.7 mpaka 3.2. Ikianza kwenye 5 una ukuta mahali, na kwenye bluu ukuta karibu kila mara uko upande wa matundu, elektroni zinaingia kirahisi kupitia TPBi, matundu yamekwama mlangoni. Kwa wanaotumia kwantamu doti, ukuta unaweza kuwa ni ligandi ndefu, asidi oleiki na oleilamini, hizi ni kama sweta la sufu, zinalinda punje ila hazipitishi chaji. Kubadilisha na ligandi fupi kama DDAB kunasaidia, lakini ukiosha sana punje zinabaki uchi, zinaungana, zinakuwa kubwa, na bluu inaondoka tena. Osha mara moja, pima mwanga, osha tena, pima, usioshe mara tatu kwa mkupuo.

Njia ya kujua upande wenye kosa ni kutengeneza vifaa vya chaji ya aina moja, kimoja kinapitisha matundu tu, kingine elektroni tu, na kulinganisha karenti. Na kuna dalili ya bure kabisa kwenye spektra, wengi hawaiangalii: kilele kidogo kati ya 380 na 420. Kama sio lile tabaka moja moja la 405 hadi 410, hicho sio perovskaiti, ni TPBi au PVK inawaka, maana yake chaji zinapita kwenye perovskaiti bila kukutana na zinakutania nje. Ukikiona, elektroni zako zimezidi au matundu yamezidi, na hakuna dawa ya kemikali ya kuziba kasoro itakayokusaidia mpaka usawazishe.

Ufanisi mzuri kwenye karenti ndogo halafu unaporomoka

Joto au msongamano. Kwenye matabaka, kule nishati inakotelemkia chaji zinajazana sehemu ndogo na zinauana zenyewe kwa zenyewe bila kutoa mwanga. Kwenye joto, kioo hakipitishi joto vizuri kwa hiyo kifaa kinajipika. Utatofautisha kwa kukiwasha kwa mapigo mafupi badala ya moja kwa moja. Ufanisi ukirudi, ni joto, punguza eneo la kifaa au tafuta njia ya kutoa joto. Usiporudi, ni msongamano au chaji kutolingana.

Inakufa ndani ya dakika

Karibu kwenye klabu. Bluu kufa mapema ni jambo la kawaida, wenye dakika ni wengi kuliko wenye masaa. Cha kufanya kwanza ni kutenganisha kufa kwa kutumika na kufa kwa kukaa. Tengeneza viwili pacha, kimoja kiwashe, kingine kiache kwenye boksi la glavu (sanduku lililofungwa lenye naitrojeni) bila umeme, kipime baada ya muda uleule. Pacha aliyelala akiwa mzima, tatizo ni ayoni kutembea na joto, rudi kule juu kwenye kujaza nafasi tupu na kusawazisha chaji. Akiwa naye amekufa, ni unyevu, oksijeni, au chuma. Halaidi zikifika kwenye aluminiamu zinaila, utaona madoa meusi yanakua toka ukingoni.

Boksi la glavu lenyewe nalo linaumwa. Mita inasema oksijeni na maji viko chini ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni), wewe unajua uko salama, lakini mita haipimi mvuke wa viyeyushi, na mvuke wa DMSO au DMF ukijaa mle unairudia filamu na kuilainisha. Pitisha naitrojeni safi kabla ya kuanza filamu za bluu. Kama unatumia klorobenzini zima mzunguko wa gesi wa boksi, maana viyeyushi vya klorini vinaua kichujio cha shaba, na kukifufua au kununua kingine kusubiri mzigo ni habari nyingine. Masika ikifika na umeme ukakatika usiku mzunguko unasimama, asubuhi namba zimepanda, hapo mtu mwenye haraka anasema si ziko 8 tu, twende. Usiende. Siku hiyo fanya vioo, andika ripoti, kunywa chai.

Ukimaliza kifaa kizibe kwa kioo na gundi ya UV kabla hakijatoka nje ya boksi, ila funika eneo linalowaka wakati unamulika gundi, UV nyingi inaharibu bluu kabla haijazaliwa. Na mabaki, glavu, filta, wino uliobaki, vina risasi inayoyeyuka, vikae kwenye chombo chake chenye lebo, sinki hapana, mfereji wa nje unaelekea kwenye migomba ya watu.

Ukija kupima muda wa maisha, andika ulianzia mwangaza gani, maana kifaa kilichoanzia kandela 100 na kilichoanzia 1,000 hawashindani mbio moja. Weka spektromita ikirekodi muda wote, sio fotodayodi peke yake (hiyo inapima wingi wa mwanga tu, rangi haioni), na kama rangi imehama zaidi ya nanomita 5 kabla mwanga haujafika nusu, kwenye daftari letu huyo tunaandika amekufa siku rangi ilipohama. Yule mama fundi ndiye aliyeweka sheria hiyo, na kalamu ya kuandikia anakaa nayo yeye.